Msaada: betri ya nyumba haiingizi chaji gari likiwa njiani (Hiace ya kulala, Kigoma–Tabora)

MLETA UZI (Kigoma)

Wakuu habari za muda huu. Naomba wajuzi wa umeme wa magari mnisaidie kabla sijatoa hela nyingine.

Mimi na mume wangu tuna Hiace ya dizeli iliyogeuzwa kuwa nyumba. Nyuma kuna kitanda, kabati, friji ndogo ya kompresa, taa, feni na inveta ya kuchajia simu na laptopu. Kazi yetu ni kupima macho na kuuza miwani vijijini. Tunatoka Kigoma mjini, tunashika njia ya Uvinza, Malagarasi, Nguruka, Kaliua, Urambo hadi Tabora, na popote penye mnada tunalala humohumo ndani ya gari.

Betri ziko mbili. Ya kuwashia gari iko mbele. Ya nyumba ni AGM (betri ya risasi iliyozibwa, isiyoongezwa maji) ya 100Ah, iko kwenye sanduku chini ya kitanda. Katikati kuna relei (switchi ya umeme) inayojiunga yenyewe injini ikiwaka, ili altaneta, ile dainamo ya injini, ichaji zote mbili. Gari tulilinunua likiwa na mfumo huo tayari.

Tatizo ni kwamba tunaendesha kutwa, tukifika jioni friji inaanza kupiga mlio wa betri ndogo, usiku wa manane imezima. Betri ya mbele haina shida, gari linawaka mara moja. Fundi wa kwanza alibadilisha altaneta, hakuna kilichobadilika. Wa pili kasema betri ya nyumba imekufa, tununue mpya. Lakini betri hii haina hata mwaka, na tukiwa nyumbani tukaichomeka kwenye chaja ya umeme wa ukutani inajaa, friji inakesha nayo mpaka asubuhi bila wasiwasi.

Ndiyo maana nasita. Mwenye uelewa naomba anifungue macho.

MDAU WA GUNGU

Pole dada. AGM nyingi za siku hizi haziaminiki. Weka betri mpya, achana na stress.

FUNDI UMEME (Mwanga)

Dada, usinunue betri. Hebu tulia kwanza.

Maelezo yako yenyewe yameshaitetea hiyo betri. Umesema kwenye chaja ya nyumbani inajaa na inakaa usiku mzima. Betri iliyokufa haina tabia hiyo. Iliyokufa inajifanya imejaa haraka sana, mita inasoma 14.4 ndani ya muda mfupi, ukiipa mzigo inaporomoka hapohapo. Yako ikipewa inapokea, na ikipokea inatunza. Kwa hiyo swali ni kwa nini haipewi njiani.

Mimi natengeneza umeme wa magari hapa Mwanga, Kigoma mjini, na jambo hili linaniuma, kwa sababu nimeona watu wengi wakibadilishiwa altaneta, kisha betri, kisha relei, na ugonjwa bado uko palepale. Umeme wa betri ya nyumba una safari ndefu. Unatoka altaneta, unapita betri ya mbele, fyuzi, relei, waya mrefu mpaka nyuma, unaingia betri ya nyumba, halafu unarudi kwa upande wa hasi kupitia bodi la gari mpaka mbele tena. Ukikatika au ukibanwa popote kwenye mzunguko huo, dalili unayoiona ni hiyohiyo moja: friji inazima usiku. Hakuna binadamu anayeweza kukuambia kwa kuangalia tu kwamba ni kitu fulani. Anayekuambia bila mita anabahatisha, na hela anayobahatisha nayo ni yako.

Tafuta multimita ya kawaida (mita ya kupimia umeme), hata ile ya bei ya chini. Iweke DC 20. Kesho asubuhi, kabla hujawasha kitu, pima betri zote mbili. Sindano za mita ziguse vichwa vya betri vyenyewe, si vibano vya waya, maana kibano kinaweza kuwa ndiyo kibovu. Betri ya risasi iliyojaa na kupumzika inasoma 12.6 mpaka 12.8. Ikisoma 12.2 imebaki nusu hivi. Ikifika 11.9 imekwisha, na ukiilaza hivyo mara kwa mara unaiua kweli.

Kisha washa gari, liache liungurume dakika chache, friji na taa za ndani zikiwa zinafanya kazi. Pima ya mbele. Inatakiwa iwe kati ya 13.8 na 14.4. Ikiwa imebaki 12 na kitu, usihangaike na nyuma. Shida iko kwenye altaneta, mkanda au waya wake. Ikiwa imepanda vizuri, nenda nyuma bila kuzima gari na upime ya nyumba.

Hapo ndipo utaona. Kama ya nyuma imebaki vilevile ilivyokuwa asubuhi, njia imekatika kabisa, tutatafuta fyuzi au relei. Kama imepanda kidogo tu, njia ipo ila imebanwa mahali. Kama ya nyuma nayo imefika 14 na bado haijai safari nzima, hapo ndipo tutaanza kuongea habari za betri, au kitu ndani kinachokula chaji yote inayoingia.

Leta namba hapa.

MDAU WA GUNGU

Nimekupata fundi. Mimi nilijibu kwa uzoefu wa betri za sola majumbani. Nakaa hapa nijifunze.

MWENYE COASTER (Tabora)

Naomba kudandia uzi, dada anisamehe. Nina Coaster ya dizeli kutoka Japani, nimeitoa viti nikaweka vitanda na jiko, tunazunguka nayo na timu yetu ya kurekodi sherehe. Betri ya nyumba ni ya volti 12, fundi aliichukulia umeme kutoka kwenye betri moja kati ya mbili za gari. Ya nyumba inachaji. Ila betri za gari haziishi kufa, tena moja inakuwa na maji sawa na nyingine inakauka. Hii nayo inahusiana?

FUNDI UMEME (Mwanga)

Mkuu wa Coaster, inahusiana sana, na yako ni hatari kuliko ya dada. Nitaiandika kwa kirefu kwa sababu Coaster, Canter na baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizotoka Japani ziko nyingi barabarani kwetu na wengi wanafanyiwa hivihivi.

Gari lako ni volti 24. Zile betri mbili zimefungwa mfululizo, hasi ya moja kwenye chanya ya nyingine, na altaneta inatoa volti 28 na kidogo kwa zote mbili kwa pamoja. Altaneta haijui kwamba kuna betri mbili. Yenyewe inaona jumla tu. Mzigo ukiwa sawa pande zote, kila betri inapata 14 na kidogo na maisha yanaendelea.

Sasa fundi wako amechomoa waya wa 12 katikati. Betri ile ya chini, ambayo hasi yake iko kwenye bodi, inabeba kazi ya gari na kazi ya nyumba. Haijai. Volti zake zinabaki chini, tuseme 13.2. Altaneta bado inashikilia jumla ya 28.2, kwa hiyo ile ya juu inasukumiwa kinachobaki, volti 15. Betri ya risasi ikikaa kwenye 15 kila siku inachemka, maji yanatoka kama gesi, na gesi yenyewe ni haidrojeni inayolipuka ikikutana na cheche. Hiyo inayokauka ndiyo ya juu. Nyingine inakufa kwa njaa. Ukinunua mbili mpya, zinaanza safari ileile.

Dawa ni chaja ya DC kwa DC inayoingiza 24 na kutoa 12, yenye hatua za kuchaji betri, siyo kile kipunguza volti cha redio. Inachukua umeme kutoka pande zote mbili kwa usawa, chanya ya juu kabisa na hasi ya bodi. Ukiwa na mita, leo jioni washa gari na upime kila betri peke yake. Ukikuta zinatofautiana, umepata jibu kabla ya kunilipa.

MLETA UZI (Kigoma)

Nimerudi na namba, fundi. Mita nimeazima kwa kijana anayetengeneza redio.

Asubuhi kabla ya kuwasha: mbele 12.6, nyuma 12.1.
Gari likiunguruma: mbele 14.1, nyuma 12.7.

Na relei niliisikia ikigonga "tak" muda mfupi baada ya kuwasha. Mume wangu anasema kama inagonga basi ni nzima.

FUNDI UMEME (Mwanga)

Safi sana dada. Umeshafanya kazi ambayo mafundi wawili hawakuifanya.

Tusome namba zako. Altaneta ni nzima, 14.1 inatosha kabisa. Ya nyuma imepanda kutoka 12.1 hadi 12.7, maana yake njia haijakatika, relei imejiunga, kuna umeme kidogo unaofika. Lakini mbele kuna 14.1 na nyuma 12.7. Volti 1.4 zimepotelea njiani. Betri ya AGM ili ijae inataka kuona 14 na zaidi kwenye vichwa vyake, na chini ya 13 chaji inaingia kidogo mno. Ukizingatia friji ya kompresa ikizunguka inakula ampea 4 hadi 5, kinachofika huko nyuma kinaliwa na friji, betri inabaki inatazama.

Kuhusu relei: mwambie shemeji kwamba mlio unathibitisha koili inavuta. Hauthibitishi kwamba vidole vya ndani vinagusana vizuri. Vidole vikiungua, inagonga vizuri na haipitishi kitu. Itapimwa.

Sasa tunatafuta zile 1.4 ziko wapi. Tafuta waya wowote mrefu wa kutoka betri ya mbele hadi ya nyuma. Unene wake haujalishi, maana mita haivuti umeme wa maana. Gari likiunguruma, friji, feni na taa zote zikiwaka, unganisha waya huo kwenye chanya ya betri ya mbele, ncha nyingine kwenye sindano moja ya mita. Sindano ya pili iguse chanya ya betri ya nyuma. Mita itakusomea volti zinazopotea upande wa chanya peke yake. Halafu rudia hivyohivyo hasi kwa hasi.

Jumla ya namba hizo mbili itakuja karibu na 1.4. Kubwa kati ya hizo ndiko tutakakofungua. Usifungue chochote kabla ya hapo. Na angalieni waya huo wa kupimia usiguse bodi popote, kwa sababu betri ya mbele haitauonea huruma.

DEREVA WA WAGENI (Kigoma)

Uzi umeshiba. Swali: tulipokea wageni kutoka Ulaya waliopitia Burundi wakaingilia Manyovu, wana gari-nyumba jipya kabisa. Walilalamika kitu kilekile: ukiwasha tu chaji inaingia, baada ya kutembea kidogo inakata. Waya wao ni mnene na safi, umefungwa kiwandani. Hiyo nayo ni njia imebanwa?

FUNDI UMEME (Mwanga)

Hapana mkuu, huo ni ugonjwa mwingine, na wenyewe si hitilafu. Magari ya Ulaya ya kizazi cha Euro 6, yaani mengi ya kuanzia 2015, altaneta yake inaamriwa na kompyuta. Betri ya mbele ikishapata chaji ya kutosha, kompyuta inashusha volti za altaneta mpaka 12 na nusu hivi ili injini isibebe mzigo, mafuta yaokolewe. Ukiachia mafuta gari likateremka, inapandisha hata kufika 15 ili kuvuna nguvu ya bure.

Relei ya kawaida inajiunga volti zikifika kama 13.3 na kuachia zikishuka kama 12.8. Kwa gari la namna hiyo itaachia gari likiwa mwendoni, na imetii ilivyoundwa. Gari kama hilo linataka chaja ya DC kwa DC, ambayo inapokea hata 12.5 na kuipandisha hadi 14.4 upande wa nyumba. Kama wanayo tayari na bado inakata, waangalie waya wa ishara unaoiambia kwamba injini inazunguka, ule wa D+ au wa switchi. Bila ishara hiyo, chaja inadhani gari limezimwa na inalinda betri ya mbele.

Namna ya kutofautisha: pima betri ya mbele baada ya kuendesha nusu saa, siyo baada ya kuwasha tu. Ikiwa bado iko 14, altaneta ni ya zamani isiyo na ujanja. Hiace ya dada ni ya aina hiyo.

MDAU WA KASULU

Fundi na mimi nina la haraka. Betri yangu ya lithiamu mita inasoma karibu sifuri. Nimeendesha Kasulu mpaka Kibondo, hola.

FUNDI UMEME (Mwanga)

BMS, ule mfumo wa ndani unaoilinda betri, imejifunga baada ya betri kuishiwa. Relei inayosubiri volti haiwezi kuiamsha. Inahitaji chaja yenye hatua ya kuamsha lithiamu. Ikiamka, usiiunganishe moja kwa moja na altaneta. Lithiamu inavuta ampea nyingi kwa muda mrefu, na altaneta ikifanya kazi ya kiwango cha juu gari limesimama linaunguruma, haipati upepo, inaungua. Weka chaja ya DC kwa DC inayoweka ukomo wa ampea.

MLETA UZI (Kigoma)

Fundi, namba:

Chanya kwa chanya: 0.3
Hasi kwa hasi: 1.1

Nimepima mara ya pili kuhakikisha. Ni hivyohivyo.

FUNDI UMEME (Mwanga)

0.3 na 1.1 ni 1.4 kamili. Dada, ugonjwa wako mkubwa uko upande wa hasi, upande ambao hakuna mtu huwa anautazama kwa sababu hauna fyuzi, hauna relei, hauna taa. Ungenunua betri mpya, ingekufa kwa njaa ileile.

Toa godoro. Fuata waya mweusi kutoka hasi ya betri ya nyumba mpaka ulipofungwa kwenye bodi. Gari likiwa linaunguruma, weka sindano moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kisafi cha bodi pembeni ya bolti. Kama karibu volti nzima iko hapo, ni hiyo bolti. Kisha zima gari, anza kwa kutoa hasi ya betri, ndipo ufungue. Piga picha utuonyeshe, au tueleze unachokiona.

MLETA UZI (Kigoma)

Nimeiona fundi. Volti 1 kamili iko kwenye bolti hiyo.

Naeleza maana picha inagoma kupanda. Waya mweusi umefungwa kwenye sakafu, karibu na tairi la nyuma la kushoto. Kiatu cha waya kimeota ukoko wa kijani, na juu yake unga mweupe mgumu ambao ukiukwangua kwa kucha unamomonyoka. Chini ya kiatu kulikuwa na rangi ya gari, haikukwanguliwa, na pembeni ya rangi bati limeota kutu ya magamba, ukibonyeza na bisibisi linabonyea. Bolti nilipoishika kwa spana ilizunguka yenyewe bila kubana.

Halafu tuligundua kitu. Kwenye mifereji ya sakafu chini ya zulia kuna chenga za chumvi zimeganda. Aliyetuuzia gari alikuwa anabeba magunia ya chumvi kutoka Uvinza, alituambia hilo siku ya kuuziana, hatukujua lina maana gani.

DEREVA WA WAGENI (Kigoma)

Chumvi ya Uvinza! Mbona magari mengi ya njia hiyo yanaliwa sakafu.

FUNDI UMEME (Mwanga)

Ndiyo hiyo. Chumvi inavuta unyevu wa hewa, na unyevu wenye chumvi ukikaa kati ya shaba na chuma, kutu inakimbia. Mguso uliobaki ulikuwa mdogo sana. Umeme mdogo wa taa moja ungepita na usingejua. Chaji ya betri inayotaka ampea nyingi ndiyo inayogoma.

Mume wako akate kipande kidogo mwishoni mwa waya mwekundu na mweusi, avue ganda, akwangue nyuzi kwa kisu. Zikibaki nyekundu mpaka ndani, ni shaba. Zikitoka nyeupe ya fedha, ni alumini iliyopakwa shaba. Soma pia unene ulioandikwa kwenye ganda.

MLETA UZI (Kigoma)

Zimetoka nyeupe fundi. Zote mbili. Kwenye ganda imeandikwa milimita 6 za mraba.

FUNDI UMEME (Mwanga)

Basi tunabadilisha waya zote mbili, na nitakuonyesha hesabu ili usije ukadhani nakuuzia shaba.

Kutoka mbele mpaka nyuma ya Hiace kwa kupita pembeni ni kama mita 5, kwenda na kurudi 10. Waya wa shaba halisi wa milimita 6 kwa mita 10 ukipitisha ampea 20 unapoteza karibu volti 0.6. Wa alumini iliyopakwa shaba unapoteza zaidi, karibu mara moja na nusu ya hapo. Wa shaba wa milimita 25, kwa ampea 20 hizohizo, unapoteza 0.14 tu. Wako ulionyesha 0.3 upande wa chanya kwa sababu umeme uliokuwa unapita ni kidogo, bolti ilikuwa imeubana. Ukisafisha bolti peke yake, ampea zitaongezeka na waya mwembamba utaanza kupoteza volti na kupata moto. Moto chini ya godoro mnalolalia siutaki.

Nunua shaba ya milimita 25 za mraba, nyuzi nyembamba nyingi, ile laini inayotumika kwenye mashine za kuchomelea ni nzuri sana. Viatu vibanwe kwa koleo la kubania lenyewe, si kwa kugonga nyundo. Hasi usiifunge tena kwenye sakafu hiyo. Ivute mpaka hasi ya betri ya mbele.

MDAU WA GUNGU

Fundi kwa nini asikwangue bodi sehemu nyingine akafunga hapo? Waya wa milimita 25 si wa bei ndogo.

FUNDI UMEME (Mwanga)

Swali zuri. Bodi zima ni chuma kingi, linapitisha umeme vizuri, na kwenye gari lenye sakafu nzima ningefanya hivyo: kukwangua rangi mpaka chuma king'ae, bolti yenye washa ya meno, kisha grisi juu. Lakini bati hili limeliwa na hatujui limeliwa mpaka wapi chini ya zulia. Kwa gari hili waya ni salama zaidi.

Jambo la fyuzi, dada, hili nakuomba usilipite. Waya huu una betri kila upande. Ukichubuka katikati ukagusa bodi, betri zote mbili zitaumwaga umeme hapo. Fyuzi moja ya mbele inakata upande wa mbele tu. Weka fyuzi ya ampea 80 mbele, na nyingine ya 80 nyuma, kila moja karibu kabisa na kichwa cha chanya cha betri yake. Waya upite ndani ya bomba la kujikunja kila unapovuka bati.

MLETA UZI (Kigoma)

Kwa kweli nyuma hapakuwa na fyuzi kabisa. Nimeogopa nilipokusoma.

Tunakuja Mwanga na gari, fundi.

MLETA UZI (Kigoma)

Mrejesho wakuu, naandika kutoka Urambo.

Waya mpya umefungwa, wa chanya na wa hasi, fyuzi mbili, bolti ya zamani imeachwa. Relei fundi aliipima kati ya mguu wa kuingia na wa kutokea ikiwa imejiunga, akakuta volti 0.03 tu zinapotea, akasema ni nzima ibaki. Kabla ya kufunga alizungushia waya wa zamani ile mita ya kubana inayosoma DC, tukaona ampea 8. Baada ya kufunga, betri ikiwa na chaji nusu vilevile: ampea 31. Nyuma ilisoma 13.7 mbele ikiwa 14.1.

Tulivyokuwa tunakaribia Kaliua mume wangu alisimama nikapima tena: nyuma 14.0, na ampea zimeshuka hadi 9. Niliogopa nikampigia fundi, akasema zinatakiwa kushuka, betri inakaribia kujaa. Jana usiku friji imekesha, feni tumewasha mpaka alfajiri kwa joto la huku, asubuhi betri imesoma 12.4. Matone ya macho yanayotakiwa kukaa kwenye baridi yako salama, na hilo kwangu ndilo kubwa kuliko maji ya kunywa na soda.

Hela ya betri mpya imebaki mfukoni. Kaka fundi, Mungu akubariki. Waliosema tusubiri tupime kwanza, asanteni.

DEREVA WA WAGENI (Kigoma)

Hongera dada. Fundi, wale wageni nimewaandikia. Wameangalia, waya wa D+ kwenye chaja yao umelegea, wameubana, sasa inachaji mwendoni.

MWENYE COASTER (Tabora)

Fundi, nimepima kama ulivyosema, gari likiunguruma. Ya chini 13.1, ya juu 15.2. Nifanyeje wakati natafuta hiyo chaja?

FUNDI UMEME (Mwanga)

Toa waya wa nyumba leo hii, usisubiri chaja. Kwa sasa betri ya nyumba ichaji kwa umeme wa ukutani au sola. Kisha toa zile betri mbili za gari, uzijaze kila moja peke yake kwa chaja ya volti 12, zipumzike usiku, upime asubuhi. Zikitofautiana zaidi ya 0.2 usizirudishe pamoja, na ukibadilisha badilisha zote mbili, aina moja na umri mmoja.

Hiyo ya 15.2 ifungue vifuniko kabla ya kuichaji, mahali penye hewa, hakuna sigara. Maji yakiwa chini ya sahani ongeza maji ya betri mpaka yazifunike tu, na ukamilishe kujaza baada ya chaji. Ukikuta ubavu wake umevimba, usiichaji na usiirudishe kwenye gari.